Kadi ya bebi shawa: mwalike atakayeamka usiku

Leo naomba tuweke kando siasa za bandari na bei ya samaki, tuongee ya akina mama. Wanaume msikimbie, fungu lenu liko mwisho.

Mwaka jana binti wa kakangu, aliyeolewa Nairobi, alinipigia simu akiwa na mimba ya miezi saba. Baada ya shikamoo na marahaba, akaniambia: "Shangazi, nataka kufanya bebi shawa, tena ya karamu ya chai. Nimekutumia kadi mbili kwa WhatsApp, nichagulie."

Nikazifungua. Ya kwanza ilikuwa na birika la dhahabu na maua ya waridi, maneno yote ya Kizungu. Wageni waliambiwa wavae waridi au samawati, na chini kukaandikwa jina la duka kubwa ambako zawadi zingenunuliwa. Kuichapisha ilikuwa shilingi 90 kadi moja, naye alitaka kadi 40. Ya pili ilikuwa picha yake mwenyewe, mkono juu ya tumbo, na tarehe ya kujifungua kwa herufi kubwa, ya kuwekwa mtandaoni kila mtu aione.

Nikamuuliza swali moja: "Mwanangu, bima ya SHA mmelipa?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema mumewe alikuwa anangojea kazi itulie.

Basi nikapiga hesabu. Tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, wasio na mshahara wa mwezi hupimwa uwezo wao, na mchango wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Hulipwa wa mwaka mzima kwa pamoja, yaani shilingi 3,600. Mume wake alikuwa ameangukia kiwango hicho cha chini. Na kadi 40 kwa shilingi 90 ni 3,600 hizo hizo.

Sikumwambia aache sherehe. Nilimwambia kadi zote mbili hazifai, akanuna siku mbili. Siku ya tatu nikapanda treni kwenda Nairobi.

Karamu ya chai ni yetu pia

Kwanza niondoe kitu kimoja. Wapo watakaosema bebi shawa ni mambo ya Wazungu, tuyaache. Kweli jina limetoka Marekani, ambako sherehe hizi zilishika kasi baada ya Vita Vikuu vya Pili, watoto walipozaliwa kwa wingi. Na karamu ya chai ya alasiri Waingereza huinasibisha na bibi mmoja wa kikabaila, mke wa Duke wa Bedford, ambaye miaka ya 1840 alikuwa akisikia njaa kabla ya chakula cha usiku, akaanza kuagiza chai na vitafunio.

Lakini chai ya alasiri kwetu pwani nani ametufunza? Mswahili akishaswali alasiri, birika liko jikoni. Mahamri, mbaazi za nazi, viazi vya karai, kaimati, mkate wa sinia, hivyo ni vitu vya kila nyumba kuanzia Lamu mpaka Vanga. Chai yenyewe ilipandwa Limuru mwaka 1903, na mnada wake ulihamia Mombasa kutoka Nairobi mwaka 1969. Kwa hiyo anayetaka karamu ya chai hana haja ya kununua vikombe vya maua na mikate ya pembetatu. Apike anachokijua, akipike vizuri.

Na kumkimu mama anayekaribia kujifungua ni jambo letu la zamani. Bibi zetu walikuwa wakikusanya leso kuukuu zilizolainika, mafuta ya nazi na vitambaa, mwanamke mmoja akileta hiki na mwingine kile. Hawakuliita jina lolote.

Silanga ni wapi

Msomaji wa Mvita au Malindi asiyeijua Kibera nimweleze kidogo, maana mwaliko mzuri huanza na kujua mahali. Kibera ina vijiji vingi: Makina, Lindi, Laini Saba, Mashimoni, Gatwekera na vinginevyo. Silanga iko upande wa chini, karibu na Bwawa la Nairobi lililojengwa mwaka 1953 ili kuwapa watu maji ya kunywa. Leo maji yale hayanyweki, na mvua kubwa ikinyesha walio bondeni hulala macho.

Nyumba nyingi ni chumba kimoja, futi 12 kwa 12 hivi. Vichochoro ni vyembamba na gari haifiki mlangoni. Maji hununuliwa kwa mitungi. Majirani ni Waluo, Waluhya, Wakamba, Wakisii, Wanubi, na Waswahili wachache kama huyu binti yetu. Waislamu na Wakristo wanatumia bomba moja na choo kimoja.

Mume wa binti yetu ni Mnubi, na mamake anakaa Makina. Wanubi ndio wenyeji wa kwanza wa Kibera, wajukuu wa askari wa Kisudani waliokuwa katika jeshi la Mwingereza. Lugha yao ni mtoto wa Kiarabu, na jina lenyewe la Kibera limetokana na neno lao kibra, yaani msitu. Bi mkubwa huyo nilipomfikia alikuwa na wasiwasi wake, na wasiwasi wake ni huu huu wa bibi zetu wa pwani.

"Mimba haitangazwi," aliniambia. "Mtoto hajaja, munamtandazia vitu. Na jicho je?"

Mimi si mwanachuoni, na sitatoa fatwa hapa. Ninachojua ni kuwa mavyaa wa mtu hapuuzwi. Tukakaa, tukanywa chai, tukakubaliana mambo matatu. Tarehe ya kujifungua haitaandikwa popote. Picha za tumbo hazitatumwa mitandaoni. Na zawadi zitakazokuja zitawekwa kwake Makina mpaka mtoto azaliwe. Akaridhika, na papo hapo akaahidi kuleta tabaga zake, yale makawa ya Kinubi yaliyosukwa kwa rangi. Mpwani akiyaona anajua ni ndugu wa makawa yetu ya kufunikia chakula.

Nani aalikwe

Sasa tuje kwenye orodha, kwani kadi haichaguliwi kabla ya kujua inakwenda kwa nani. Binti yangu alikuwa na majina 40. Nikamwomba anisomee. Wengi walikuwa watu aliosoma nao, wafanyakazi wenzake wa zamani wa saluni, na marafiki wa mtandaoni wanaokaa Umoja, Rongai na Kawangware. Majirani wa ploti yake walikuwa wanne tu.

Nikamuuliza: "Uchungu ukikushika saa nane ya usiku, nani atakusikia ukigonga ukuta?"

Akawataja. Mama mboga wa nyumba ya tatu. Mke wa fundi viatu. Dada mmoja wa Kiluo anayefua nguo Lang'ata. Bibi mzee wa Kikamba anayekaa na wajukuu. Kati yao hakuna hata mmoja aliyekuwa kwenye orodha.

"Kwa nini huyu mama mboga hukumtia?"

"Shangazi, ataona haya. Hana nguo ya rangi hiyo, na zawadi ya duka kubwa ataitoa wapi?"

Hapo ndipo nilipoiona kazi ya kadi. Kadi ni orodha ya masharti, hata ukiipamba kwa maua. Ukiandika rangi ya nguo, umemwambia asiye nayo abaki nyumbani. Ukiandika jina la duka, umemwambia bei ya kuingia. Ukiandika kwa Kizungu pekee, umechagua wasomi. Ukituma kwa WhatsApp pekee, umemwacha bibi mwenye simu ya kitochi. Na hakuna atakayekugombeza. Watakaa kimya tu, na mlango wako hawataujua.

Kwa hiyo tukaandika orodha upya. Nusu ya kwanza wakawa watu wa ploti na kichochoro, wale ambao usiku wa manane wangeweza kufika kwa miguu. Nusu ya pili wakawa jamaa na marafiki wa mbali. Huyu wa mbali naye ana faida yake, maana aghalabu yeye ndiye mwenye uwezo wa kuchanga kwa M-Pesa hata asipofika.

Mwaliko wenyewe

Pwani, shughuli ya kike hualikwa kwa mdomo. Wanawake wawili watatu wenye heshima zao wanapita nyumba kwa nyumba, wanasalimia, wanataja siku na saa, wanaombwa wakae, wanakataa kwa adabu, wanaendelea. Mtu akialikwa hivyo anajiona amepewa taadhima. Ndivyo tulivyofanya Silanga. Mimi, wifi yake na yule dada wa Kiluo tulizunguka jioni mbili. Kuwa naye dada huyo kulisaidia sana, kwani milango isiyonijua mimi inamjua yeye.

Kwa walio mbali tulituma ujumbe wa maandishi, bila picha. Nauweka hapa, anayetaka aubadilishe atakavyo:

"Jirani na rafiki mpenzi, tunakualika chai ya alasiri pamoja na mwenzetu anayekaribia kujifungua, ili tumwombee na tumtie moyo. Ni Jumamosi, saa kumi na robo hadi saa kumi na mbili kasorobo. Njoo na kikombe chako. Nguo yoyote ya heshima inafaa, na watoto wanakaribishwa. Zawadi si sharti. Anayependa kutia mkono, tunachangia bima na vifaa vya kujifungulia. Muulize wifi yake. Picha za wageni hazitatumwa mitandaoni. Ukishuka kituoni piga simu, kijana atakuja kukupokea."

Nieleze kila sentensi ilivyoingia. Tumetaja saa, hatukuandika "baada ya alasiri" peke yake, kwa sababu jirani Mkristo hajui muadhini anaadhini saa ngapi. Tumetaja mwisho wa shughuli, kwa kuwa magharibi Nairobi huingia kabla ya saa moja, na mgeni wa mbali asitembee vichochoroni gizani. Tumesema watoto waje, la sivyo mama asiye na wa kumwachia mtoto hatafika. Tumetaja kijana wa kupokea wageni, maana nyumba hazina nambari za kutafutia. Na neno la kikombe tumelitia kwa sababu ya dhiki tu: hatukuwa na vikombe 40, na kukodi ni pesa.

Kuhusu mchango, wengine huona haya kuandika. Mimi naona ni bora kusema wazi pesa ni za nini, kuliko mtu kununua nguo ya saba ya mtoto mchanga, ilhali mama hana beseni wala pamba. Andika "si sharti", na ulimaanishe. Usiweke karatasi ya majina na kiasi alichotoa kila mmoja. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Chai, na mjamzito mwenyewe

Jambo moja wengi hulisahau katika karamu ya chai kwa mjamzito: chai na dawa ya damu havipatani. Kliniki za Kenya huwapa wajawazito vidonge vya madini ya chuma na foliki ili wasipungukiwe na damu. Chai, hata ile ya maziwa, inazuia mwili kuyafyonza madini hayo. Mama akimeza kidonge kwa chai, sehemu yake kubwa inapotea bure. Ameze kwa maji au maji ya chungwa, na chai aiweke mbali, saa moja au mbili kabla au baada yake. Binti yangu alikuwa akimeza kila asubuhi na chai yake, na muuguzi alikuwa akishangaa kwa nini damu haipandi. Hakuwahi kuulizwa anameza na nini.

Ama kafeini ya chai isimtishe. Shirika la Afya Duniani linawaonya wajawazito wanaozidi miligramu 300 kwa siku, na vikombe viwili vya chai havikaribii hapo. Asipitilize tu. Maziwa yachemke sawasawa, mayai yaive, na mwenye sukari ya mimba awekewe mbaazi badala ya kaimati.

Kwa atakayepika, hesabu yetu ya watu 40 ilikuwa hivi. Kila mtu vikombe viwili vya robo lita kasoro kidogo, jumla lita 16: nane za maziwa na nane za maji, majani ya chai gramu 200, sukari kilo moja na nyingine pembeni, iliki na tangawizi. Unga kilo nne ulitupa mahamri kama 120, matatu kila mtu. Mbaazi kilo mbili kwa nazi. Sambusa tuliziacha, nyama ingevunja mfuko. Mavyaa alileta kahawa na tende. Kumbi hatukukodi: tuliazima ua wa madrasa ya jirani, tukatandika mikeka.

Siku yenyewe

Walikuja 37. Vikombe vilivyotoka mikobani! Vya bati vyenye madoa ya buluu, vya plastiki vya watoto wa shule, kimoja cha kigae kisicho na mkono, glasi ya kahawa, kopo la chuma lililosuguliwa mpaka likang'aa. Tukavipanga juu ya mkeka chini ya tabaga za Wanubi. Binti yangu, aliyekuwa bado na kinongo cha zile kadi za dhahabu, akapiga picha ya vikombe hivyo. Ndiyo picha pekee iliyotumwa.

Michezo ya kupima tumbo kwa uzi hatukufanya, mavyaa hakuitaka. Badala yake kila mwanamke aliyezaa alisema jambo moja ambalo angependa kuambiwa kabla ya kuzaa kwake kwa kwanza. Bibi wa Kikamba alisema: "Usione haya kupiga kelele." Mke wa fundi viatu akaeleza hospitali ilivyomrudisha nyumbani mara mbili, akaambiwa bado, akakaribia kuzalia njiani. Watu wakanyamaza. Hapo hapo wakaanza kupanga: nani ana namba ya dereva anayekubali kuja usiku, nani ana tochi nzuri, nani ataangalia nyumba. Kisha ikasomwa dua, na mama mmoja Mkristo akaomba kwa namna yake, tukaitikia amina.

Mama mboga alikuja amevaa leso mbili za kazi. Katika pindo alifunga kipande cha sabuni ya mche na shilingi 50. Aliviweka mkekani bila kusema neno. Jumla ya mchango, pamoja na ule wa simu, ulilipa SHA ya mwaka, ukanunua beseni, pamba na leso, na kikabaki cha nauli ya hospitali.

Wiki tano baadaye uchungu ulianza saa tisa usiku, mvua ikinyesha. Mume alikuwa zamu ya usiku kazini. Aligonga ukuta. Mama mboga ndiye aliyekuja kwanza, na nyuma yake dada wa Kiluo na tochi. Walimshika huku na huku, wakamtoa matopeni mpaka barabarani alipokuwa dereva, na mmoja wao akaenda naye mpaka hospitali. Alifanyiwa upasuaji alfajiri. Karatasi za bima zilikuwa ndani ya beseni.

Mtoto ni wa kike. Siku ya saba alinyolewa, akapewa jina, na mbuzi mmoja akachinjwa kwa aqiqa. Nyama iligawanywa ploti nzima.

Fungu la wanaume

Nilisema mna fungu lenu. Bima ni yenu, msingoje kazi itulie. Kuweka nauli ya usiku mahali panapojulikana ni kwenu. Na kiasi cha aqiqa kianze kuwekwa mapema, maana ndiyo sunna yetu, bebi shawa ni nyongeza tu. Mwenye uwezo wa yote mawili ni heri. Mwenye uwezo wa moja asikope mbuzi, wala asikope keki.

Na wewe binti unayepanga yako, kabla hujachagua birika la dhahabu au la fedha, chukua karatasi uandike majina ya watakaofika kwako kwa miguu saa tisa ya usiku. Hao ndio wa kwanza kualikwa, na uwaalike kwa namna watakayoweza kuitikia.

Tukijaaliwa tutakutana tena hapa. Wabillahi tawfiq.